Mikokoteni Tatu Nje ya Mji ya Mama

Mimi nikikaa hapa Nakuru kwa dirisha, mlima ya Menengai iko mgongoni na ziwa iko mbele, chini kabisa, na siku ya mvua huwezi kujua maji imeishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Ni siku kama hiyo nilianza kutawala. Ucheke ukitaka. Nilikuwa nimekaa na sufuria kwa magoti, natoa minji kwa maganda, na sikuwa na mawazo yoyote ya kutawala mtu.

Mjukuu wangu, msichana wa binti yangu wa pili, alikuwa amekuja kukaa na mimi. Walimu wa chuo chao walikuwa wamegoma, wanafunzi wakaambiwa waende nyumbani, na yeye badala ya kwenda kwao akasema ataenda kwa shosho kwa sababu kwa shosho hakuna mtu wa kumwuliza maswali. Alikuwa ameweka laptop yake kwa meza, juu ya kile kitambaa nilishona na mkono, na mimi nikainua macho nikaona kioo yote ni nyeupe. Nyeupe ya maziwa. Ilikuwa kama asubuhi ya kule kwetu Molo mwezi wa saba, ile unafungua mlango na ng'ombe yako mwenyewe huioni, unaisikia tu ikipumua. Na katikati ya hiyo weupe kulikuwa na kashimo kadogo, na ndani ya kashimo watu wadogo wamesimama na mizigo.

Nikamwuliza, "Hawa wamepotea?"

"Hawajapotea, shosho. Hiyo ni ukungu. Inafunika mahali hujafika. Wakitembea, inafunguka."

"Hebu watembee nione."

Akagusa, wakatembea, na kweli ukungu ikafunguka mbele yao kama pazia. Kukatokea mti. Wakatembea tena, kukatokea mto. Mimi minji nilisahau. Nimeishi miaka mingi, nimeona vitu mingi ya ajabu, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu ametengeneza asubuhi ya Molo akaiweka ndani ya kitu unaweza kukunja na kuweka kwa begi.

"Nipe mimi niwatembeze," nikasema.

"Shosho, hii ni gemu ya vita."

"Mimi sitaki vita. Nataka tu kutembea."

Akacheka, akanivutia kiti. Akanionyesha mahali pa kubonyeza, na mimi nikatembea. Kila ukibonyeza duara moja ya pembeni zamu inaisha na miaka inaenda, mara ishirini, mara arobaini, na hao watu hawazeeki, wanatembea tu na mizigo yao. Nikawapitisha msituni, nikawapitisha kando ya milima, mpaka tukafika mahali ukungu ilifunguka na kukawa na maji pana, imetulia, na majani marefu kwa ukingo. Nikasema hapa.

"Hapa ni mbaya," mjukuu wangu akasema. "Hakuna kilima ya kukukinga. Na hii upande yote ni tope."

"Hapa kuna maji. Mtu akikaa bila maji anakinga nini?"

Basi wakaweka mizigo chini na mji ikatokea, vinyumba vitatu vya manyasi na moshi. Kompyuta ikauliza itaitwa nani. Sikufikiria. Nikamwambia aandike jina ya mama yangu. Hiyo jina sitaitaja hapa, ni yake. Lakini nilipoiona imeandikwa juu ya hizo nyumba, kando ya maji, niliigusa na kidole. Mama yangu hakuwahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwa kitambulisho.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Hii mji sitaihama. Hata ikuje nini."

Akasema, "Sawa, shosho. Tutaona."

Sasa wacha nikueleze vile nilijua kusoma hiyo gemu, kwa sababu yeye mwenyewe alishangaa. Mimi shule nilienda mpaka darasa la pili. Jina yangu naandika, kujumlisha naweza, gazeti inanishinda. Na kwa hiyo gemu kila askari ako na alama juu ya kichwa yake, duara ndogo ya rangi na picha ndani. Mjukuu wangu akaanza kunifundisha pole pole kama mtu anafundisha mtoto, hii ni mkuki, hii ni upinde. Nikamwambia ngoja. Hii nishaijua. Hii ni magunia.

"Magunia gani, shosho?"

Wakati wa viazi kule Molo, lori moja ilikuwa inabeba magunia ya nyumba kumi, kumi na tano, na magunia zote zinafanana. Watu wa kupakia hawakuwa na wakati wa kusoma, na sisi hatukuwa na wakati wa kuandika. Kwa hivyo kila nyumba ilikuwa na kitambaa chake kwa shingo ya gunia. Yetu ilikuwa ya bluu, ya jirani wa juu ilikuwa ya manjano, kulikuwa na mama mmoja alitumia kipande cha sweta. Hiyo kitambaa ilisema gunia ni ya nani. Halafu kwa tumbo ya gunia unachora na makaa. Msalaba ni mbegu. Duara ni viazi vya kula. Mistari mbili ni zile zimekatwa na jembe, hizo zitoke haraka kabla hazijaoza. Mimi nilikuwa nasimama kwa barabara na lori ikipita, na bila kusoma herufi hata moja nilikuwa najua ni nani amevuna nini mlima mzima.

Nikamwambia, "Rangi ni kitambaa. Picha ni makaa. Hii nyeupe ni yetu, na ndani ni upinde. Ile ya zambarau kule ni ya mtu mwingine, na ndani ni mkuki. Nimekosea?"

Mjukuu wangu akaniangalia. "Shosho, mimi hiyo kitu ilinichukua siku mbili."

"Wewe hukuwa na viazi."

Kitu moja tu ndio ilinisumbua. Askari akisimama tu, alama yake ni duara. Ukimwambia akae alinde, ile duara inabadilika inakuwa ngao, kama ngao ya bendera yetu. Hiyo nilipenda. Nilikuwa nawaambia wote walinde ndio nione ngao zikitokea moja moja, kama maua ya pareto ikifunguka. Lakini niliwaweka vibaya. Askari wangu wa kwanza, yule wa rungu, nilimweka nje ya mji, kwa njia, mahali geti ingekuwa. Wahuni wakatoka msituni, wenye alama nyekundu, wakamzunguka tu wakaenda moja kwa moja kwa nyumba. Walichoma shamba ya ngano na wakakwaruza mji yenyewe.

"Shosho, askari anakaa ndani ya mji."

"Soja akikaa ndani ya nyumba, huyo si soja, huyo ni mgeni. Atakula, atalala."

"Hapa akikaa ndani ndio analinda. Ona."

Akamwingiza ndani. Akanionyesha mistari mbili zimelala chini ya jina ya mama. Ya juu ni ukuta. Ya chini ni mji yenyewe. Adui anakula ya juu kwanza, ikiisha anaanza ya chini, na ya chini ikiisha mji ni yake. Nikaziangalia hizo mistari, zote zimejaa, kijani kibichi, na nikajua hapo ndipo macho yangu yatakuwa yanakaa.

Tukaishi hivyo siku kadhaa. Naita kuishi kwa sababu ndio ilikuwa. Asubuhi tunakunywa chai, mvua inanyesha, na tunaenda. Mji ya mama ikakua ikawa na watu wanne, wakawa sita. Nikajenga mji ingine ndogo kule kilimani juu ya mbuga, huko nikaweka askari mmoja wa farasi. Mimi nilikuwa natengeneza watu wa jembe zaidi ya askari, mjukuu wangu akanigombeza, akasema nchi yangu ni ya wakulima tupu. Nikamwambia kwani hiyo ni matusi. Ukibonyeza mara moja, miaka ishirini imeenda, na minji bado haijajaa sufuria. Nilikuwa naona hao wakulima wangu wakilima karne nzima bila kuumwa na mgongo, na ziwa ikimetameta, na nje ya dirisha ziwa ya kweli nayo ikimetameta, na saa ingine nikiinua macho sikujua nimetoka kwa gani nimeingia kwa gani.

Yule wa zambarau alikuwa mfalme jirani, mtu wa tabasamu. Hakuna mtu anamchezesha, ni kompyuta yenyewe inafikiria kwa niaba yake. Kila mara anatokea na nguo yake nzuri anataka tufungue mipaka watu wapite. Mjukuu wangu alisema tusifungue. Mimi nikasema jirani ni jirani, tukafungua.

Siku hiyo jua ilitoka, mjukuu wangu akaenda nyuma ya nyumba kufua nguo zake zote alizokuwa ameacha mpaka jua itoke. Mimi nikabaki kwa kiti. Akaja mama jirani yangu, tunaenda kanisa moja, na yeye pia ni mtu wa huko juu, wa Elburgon. Akasimama mlangoni na kikapu.

"Mama, umeokoka na unapigana vita?"

"Mimi sipigani. Mimi nalima. Kuja uone."

Akakaa. Nikamwonyesha mji, nikamwonyesha ngao. Nikabonyeza miaka ikaenda, na kutoka kwa ukungu upande wa jirani kukatoka alama tatu za zambarau, moja nyuma ya ingine. Ndani ya kila alama kulikuwa na picha ya magurudumu, na mti mmoja umeinuka juu.

"Hizo ni nini?" mama jirani akauliza.

"Mikokoteni," nikamwambia. Na ilikuwa mikokoteni. Wewe umeona mkokoteni wa punda ukishafunguliwa, vile mikono yake inainuka juu inaangalia mbinguni? Ilikuwa hivyo kabisa.

"Na punda wameenda wapi?"

"Wamefunguliwa wakunywe maji. Si unaona ziwa."

"Wanaleta nini?"

"Itakuwa viazi. Upande wake kuna baridi, nimeona theluji."

"Basi ni siku ya soko," mama jirani akasema, na akaweka kikapu chini vizuri.

Nilifurahi sana. Mahali mkokoteni imefika, njaa haijafika. Kule kwetu mkokoteni ikionekana kwa kona, watoto wanakimbia kuisukuma. Nikabonyeza tena, ikasogea karibu. Nikabonyeza tena. Kando yake wakatokea watu wawili wa mkuki, na mama jirani akasema hao ni wa kulinda mzigo, siku hizi barabara si nzuri. Nikasema ndio. Tulikuwa hapo wanawake wawili tumekunja mikono tunangoja viazi.

Mjukuu wangu akaingia na beseni ya nguo. Akasimama.

"Shosho. Hizi ni nini ziko nje ya mji?"

"Mikokoteni. Tatu."

"Nani alikuambia ni mikokoteni?"

"Kwani mimi sina macho?"

Akaweka beseni chini pole pole. "Shosho, hizo ni mashine za kubomoa ukuta. Huo mti juu ni wa kurusha mawe. Huyu jamaa amekuja kuchukua mji yako."

Mama jirani akainuka, akachukua kikapu chake. "Mimi wacha nikaone githeri yangu kwa moto," akasema, na akaenda, na mpaka leo hajaniuliza ile soko iliishaje.

Mjukuu wangu akakaa kando yangu. Akaangalia, akahesabu kwa midomo. Halafu akasema, akiwa mpole, kwa sababu yeye si mtoto mbaya, "Umeshikwa, shosho. Ndani uko na upinde mmoja na mzee wa rungu. Hapa hutoboi. Wewe hepa. Hamisha askari waende kule kilimani, hii mji wacha waichukue. Ni mji moja tu. Tutajenga ingine."

Nilikuwa naangalia ile jina.

Akaniuliza, "Shosho, uko sawa?"

Nikamwambia kitu sikuwa nimemwambia. Watoto wangu wanajua kwa sababu walikuwa huko, lakini hawa wajukuu walizaliwa Nakuru, wanajua tu kwamba sisi ni watu wa Molo, vile mtu anaweza kuwa mtu wa mahali. Nikamwambia, siku za fujo kule Molo, nyumba zikichomwa, mtu alipita kwa njia akasema tu, hameni. Alikuwa mpole pia. Alisema ni nyumba tu, mtajenga ingine. Mimi nilikuwa na maharagwe kwa moto. Nikaangalia maharagwe, nikafikiria kama niyatoe ama niyaache yaive, na hiyo ndio ilikuwa mawazo yangu ya mwisho ndani ya hiyo nyumba, maharagwe. Mama yangu hakutaka kutoka. Tulimbeba kama gunia, mimi na kaka yangu, na alikuwa anaangalia nyuma. Alikaa hapa Nakuru miaka tatu, kwa chumba ya kukodi, na kila asubuhi aliniuliza kama tumeacha mlango wazi.

Mjukuu wangu aliinama. Alikunja mguu wa suruali yake, akaukunjua.

"Kwa hivyo," nikamwambia, "mimi sihepi. Nilishahepa."

Akasema, "Sawa. Tusimamishe hapa. Tusibonyeze kitu mpaka tufikirie."

Akaifunga. Akaenda kuanika nguo. Mimi nikaegemea kiti, jua ya alasiri imeingia kwa dirisha imenifikia magoti, na nikasinzia. Nikaota niko ndani ya ile mji. Nilikuwa natembea kati ya nyumba za manyasi, na mama yangu alikuwa ameketi nje ya moja, anakunja vitambaa vya kufunga magunia, na juu ya kichwa yake kulikuwa na alama. Nilitaka kuona ni duara ama ni ngao lakini kila nikikaribia jua ilikuwa inanipiga macho. Akaniambia, umekanyaga tope. Nikaangalia chini, na kweli miguu yangu yote ilikuwa tope mpaka magotini, nyeusi, nzito. Nikaamka nikiwa nimeinua mguu.

Nikamfuata mjukuu wangu nje kwa kamba ya nguo. "Wewe, mami. Ulisema ile upande yote ni tope?"

"Upande gani?"

"Ya mji. Ile ya majani marefu. Mkokoteni ikiingia hapo inafanya nini?"

"Si mkokoteni, shosho."

"Iko na magurudumu?"

"Iko nayo."

"Basi ni mkokoteni. Ikiingia kwa tope inafanya nini?"

Akasimama na shati mkononi. Niliona vile uso wake ulibadilika. "Inaingia," akasema. "Lakini inakwama hapo hiyo zamu. Haiwezi kurusha mpaka zamu ifuatayo."

"Umewahi kusukuma mkokoteni kwa tope?"

"Hapana."

"Mimi nimesukuma. Haigeuki. Mtu akitoka nyuma yake, imekwisha."

Asubuhi yake hatukumaliza hata chai. Yeye alikuwa anaeleza alama, mimi naeleza tope. Mahali yeye anaona nambari mimi naona barabara ya kutoka shambani mwezi wa nne, pale mbele ya kanisa, mahali tuliacha magurudumu mengi. Tukatoa farasi kilimani tukampitisha nyuma, msituni, asionekane. Mwenye upinde tukamwacha ndani ya mji na ngao yake. Mzee wa rungu naye akakaa ndani, kwa sababu hapo nilikuwa nimefundishika.

Tukabonyeza. Mikokoteni mbili zikaingia kwa majani marefu, zikasimama. Ya tatu ilikuwa na akili, ilipita ukavuni na wale wa mkuki.

"Sasa," mjukuu wangu akasema.

Farasi ikatoka msituni. Ikapiga ya kwanza kwa mgongo, upinde ukaimalizia kutoka ndani. Ile alama ya zambarau ikazimika. Sikupiga makofi, lakini nilishika mkono yake.

Halafu zamu yao. Ya pili ikarusha kutoka kwa tope, na ya tatu ikafika mahali ilitaka. Ule mstari wa juu chini ya jina ya mama ukakatika nusu. Farasi ikapiga ya pili, mara moja, mara mbili, ikaisha, lakini wale wa mkuki waligeuka wakaikuta farasi ikiwa imechoka. Nilikuwa nimeizoea hiyo farasi. Ilikuwa na mimi miaka mia tatu.

"Imeenda," mjukuu wangu akasema.

"Nimeona."

Ya tatu ikarusha. Ukuta ikaisha. Ikarusha tena, na mstari wa chini ukaanza kuliwa, ukatoka kijani ukawa manjano, ukawa mwekundu. Mzee wa rungu na mwenye upinde walikuwa ndani na hao watu sita, na nje ya nyumba moshi ilikuwa inapanda pole pole, ikienda upande wa maji. Ilikuwa nzuri kuangalia, hiyo ndio ilinitisha. Nilijua moshi kama hiyo ikiwa mbali inakaa nzuri.

"Upinde peke yake haimalizi hiyo mkokoteni," mjukuu wangu akasema. Sasa hata yeye alikuwa anaiita mkokoteni. "Na wakirusha mara ingine moja, wale wa mkuki wanaingia. Bado unaweza kutoa askari wako wahepe, shosho. Njia ya kilimani iko wazi. Ni zamu ya mwisho."

Alikuwa na kidole tayari. Alikuwa ananiuliza kweli.

"Mji yenyewe haina mkono?" nikamwuliza.

"Vipi?"

"Hawa watu sita. Wamekaa tu wanaangalia?"

Akainama karibu na kioo. Akabonyeza hapo kwa jina ya mama, na kukatokea alama ndogo kama mshale, imekuwa hapo siku zote na hatukuwa tumeitumia hiyo asubuhi kwa sababu ya kuhangaika na farasi. "Mji inaweza kurusha," akasema. "Mara moja kila zamu. Shosho, nilisahau."

"Basi warushe."

Upinde ukarusha. Mkokoteni ikabaki na kipande kidogo, kama ukucha. Halafu mji ikarusha, mama yangu na watu wake sita, na mkokoteni ya tatu ikaanguka na ule mti wake, ikapotea. Wale wa mkuki wakabaki wamesimama peke yao kwa ukavu. Wakapiga mji mara moja. Mzee wa rungu akawazuia. Mstari mwekundu ukabaki mwembamba kama uzi wa sindano, na haukukatika.

Mfalme wa zambarau akatokea na nguo yake nzuri. Tabasamu hakuwa nayo.

"Anaomba amani," mjukuu wangu akasema. "Sasa wewe ndio unamshika. Mwambie akupe kitu. Ama tumfuate kwake, hana mikokoteni tena."

"Aende tu kwao."

"Shosho, hapo unamwachilia."

"Aende kwao. Anajua njia."

Akakubali kwa niaba yangu, na wale wawili wa mkuki wakageuka wakaenda, wakapita kando ya ziwa, wakaingia upande wao. Mjukuu wangu akainuka akaweka chai ile ilikuwa imepoa kwa moto tena. Akasema kutoka jikoni kwamba sasa nijenge ukuta mara mbili, nitengeneze askari, na hiyo nchi niache kuijaza majembe. Nikasema ndio, ndio.

Lakini nilipobaki peke yangu na kioo sikujenga kitu. Nilibonyeza ile duara ya pembeni. Miaka ikaenda, na mji ikawa hapo. Ule uzi mwekundu ukanenepa kidogo. Nikabonyeza tena, ukawa manjano, na wakulima wakarudi kwa ngano. Nikabonyeza tena. Mjukuu wangu akarudi na vikombe, akasimama nyuma yangu akaangalia, na kila nikibonyeza hakuna kitu kilikuwa kinatokea, maji imetulia, moshi ya kupika inapanda, watu ni sita, wakawa saba.

"Shosho, unangoja nini?"

"Singoji kitu," nikamwambia. "Naona tu vile wamekaa."

Akaweka kikombe changu karibu na mkono, akavuta kiti chake, na tukabonyeza.